Kuomba msaada wa kiti cha magurudumu na vyombo vya wenye ulemavu: barua yako iseme nini?



Ndugu wasomaji, leo safu yetu inaingia katika jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa ni la ofisi za ustawi wa jamii na si la hospitali. Nalo ni namna ya kuomba msaada wa vyombo vya watu wenye ulemavu: kiti cha magurudumu (ambacho siku hizi huitwa pia kiti mwendo), baiskeli ya miguu mitatu ya kuzungusha kwa mikono, magongo, viungo bandia, shimesikio, fimbo nyeupe, na kwa wenye shughuli zao, bajaji au gari lililorekebishwa. Sisi matabibu tunahusika kwa sababu mbili. Kwanza, barua ya maombi isiyokuwa na karatasi ya hospitali mara nyingi haifiki mbali. Pili, chombo kisichomfaa mtu humuumiza, na akishaumia anarudi kwetu.

Taarifa ya Shirika la Afya Duniani (WHO) na UNICEF ya mwaka 2022 ilieleza kuwa zaidi ya watu bilioni 2.5 duniani wanahitaji angalau chombo kimoja cha kuwasaidia, miwani ikiwemo, na kwamba katika baadhi ya nchi masikini wanaokipata ni asilimia 3 tu ya wenye kukihitaji. Wanaohitaji viti vya magurudumu peke yao WHO inawakadiria kuwa kiasi cha milioni 80. Lakini msomaji hana haja ya hesabu hizo. Atazame mtaani kwake. Yuko mama anayembeba mgongoni mtoto mwenye mtindio wa ubongo tangu akiwa na miezi, sasa mtoto ana miaka tisa na mama ameanza kuumwa kiuno. Yuko mzee aliyekatwa mguu kwa sababu ya kisukari, na tangu siku hiyo hajaonekana kwenye sala ya jamaa.

Je, kuomba ni aibu?

Nianze na hili kwa sababu ndilo linalowafunga wengi milango. Baba wa Kiislamu anajua kuwa dini imekemea kuombaomba, hivyo anaona bora mwanawe akae ndani kuliko yeye kuandika barua ya kuomba. Ndugu yangu, ukemewaji huo ni wa mtu anayeomba ili ajilimbikizie, na anayeomba hali ana cha kumtosha. Katika Sahih Muslim imo hadithi ya Qabiswa bin Mukhariq (r.a.), ambayo ndani yake Mtume (s.a.w.) alitaja watu watatu wanaoruhusiwa kuomba: aliyebeba dhamana ya deni la kusuluhisha watu, aliyepatwa na janga likateketeza mali yake, na aliyepatwa na ufukara mpaka watu watatu wenye akili katika jamaa zake wakamshuhudia. Hebu litazame hilo la tatu. Ndio utaratibu wenyewe wa barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Haja inashuhudiwa na watu wanaokujua, na baada ya hapo unaomba kwa kiasi cha haja hiyo.

Zaidi ya hapo, kumwezesha mwenye ulemavu si jambo lililoletwa na wafadhili kutoka ng'ambo. Abdullah bin Ummi Maktum (r.a.) alikuwa kipofu, akawa muadhini, na Mtume (s.a.w.) alimwachia usimamizi wa Madina zaidi ya mara moja alipotoka. Wanahistoria wa Kiislamu wameandika kuwa Khalifa Al-Walid bin Abdul-Malik, aliyetawala kuanzia mwaka 705 mpaka 715, aliwapangia viwete watumishi na vipofu waongozaji kwa gharama ya Baitul-Mali. Hiyo ni bajeti ya serikali ya walemavu, karne 13 zilizopita.

Kwa sheria za nchi pia, hapa Tanzania Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Namba 9 ya mwaka 2010 imetambua haki hizi, na Zanzibar ilikuwa imetangulia kutunga ya kwake mwaka 2006. Kwa hiyo anayeingia ofisi ya ustawi wa jamii na barua mkononi, aingie kifua mbele kwa adabu.

Kiti si kiti tu

Sasa tuje kwenye hospitali. Miongozo ya WHO ya mwaka 2008 kuhusu viti vya magurudumu katika nchi zenye uwezo mdogo ilipanga hatua nane: mtu kupelekwa kwa wahusika, kupimwa, kuandikiwa kiti kinachomfaa, kutafuta fedha na kuagiza, kukitayarisha kiti, kumkalisha na kuangalia kama kimemkaa, kumfundisha yeye na familia yake, na mwisho kumfuatilia pamoja na matengenezo. Tafadhali hesabu tena. Fedha ni hatua ya nne. Watu wetu wengi huanzia hapo. Wanatafuta mfadhili kwanza, kisha mfadhili analeta kiti alichokipata, halafu ndipo inaonekana kuwa mtoto anazama ndani yake kama nguo ya kuazima.

Nimepata kumhudumia kijana aliyeanguka kutoka juu ya mnazi, akavunjika uti wa mgongo, na tangu kiunoni kwenda chini hana hisia. Familia yake iliomba "kiti cha walemavu" kwa msamaria mmoja, naye kwa nia njema akawaletea kiti cha aina ile inayotumika hospitali kusukumia wagonjwa kutoka wodini hadi eksirei. Kile kina kalio la turubai na hakina mto. Kijana alifurahi, akawa anakaa barazani tangu asubuhi mpaka magharibi. Baada ya wiki chache alikuja na kidonda kwenye mfupa wa kalio kinachoingia kidole, na yeye mwenyewe hakuwa amesikia maumivu yoyote. Homa ilikuwa imekwishaanza. Alilazwa miezi, na kwa rehema za Mwenyezi Mungu alinusurika. Wapo ambao usaha uliingia kwenye mfupa na damu, wakatutoka. Mto wa sponji nzuri uliokatwa vizuri ungemkinga kwa kiasi kikubwa, lakini barua ya familia haikutaja mto, na aliyeleta kiti hakujua kuwa unahitajika.

Hivi ndivyo vidonda vya mgandamizo. Mtu mwenye hisia anapokaa sana hujisogeza bila kujijua. Asiyekuwa na hisia hajisogezi, damu inabanwa kati ya mfupa na kiti, na nyama inakufa. Kwenye ngozi nyeusi usisubiri uone wekundu. Pitisha mkono, usikilize joto, ugumu au uvimbe, kila siku wakati wa kuoga. Na afundishwe kujiinua kwa mikono au kuinama mbele na pembeni kwa dakika moja au mbili, kila nusu saa au chini ya hapo.

Ndio maana vipimo vya mwili viambatane na barua. Mkalishe mhusika wima juu ya ubao au kiti kigumu, kisha upime. Upana wa nyonga, kutoka ukingo wa nje mpaka ukingo wa nje. Kiti kisizidi sana hapo, kwani kikizidi mtu analala upande na mgongo unapinda. Kisha urefu wa paja, kutoka nyuma ya kalio mpaka nyuma ya goti, utoe sentimita 3 mpaka 6, ili ukingo wa kiti usibane mishipa ya nyuma ya goti. Kisha kutoka nyuma ya goti mpaka kisigino, akiwa na kiatu anachovaa, ili miguu ikae juu ya kikanyagio na isining'inie. Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye shingo haijakaza, kiti cha kawaida hakifai hata kikipimwa vizuri. Anahitaji chenye kushikilia kichwa na kiwiliwili. Vipimo hivi asivifanye jirani. Vifanywe na mtaalamu wa fiziotherapia, wa viungo bandia au wa viti, na huko hospitali za rufaa wapo. Moshi, pale KCMC, kipo chuo cha TATCOT kilichoanza mwaka 1981 kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na vyombo vya aina hii. Dar es Salaam ipo Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) na ipo CCBRT. Aliye mbali aanzie hospitali ya wilaya aandikiwe rufaa.

Kuna jambo la barabara pia, ambalo wafadhili wa mbali hawalijui na ni wajibu wako kuwaambia. Kiti chenye vigurudumu vidogo mbele kinafaa sakafu ya marumaru. Kwenye mchanga wa pwani au njia ya kijijini, vinazama. Huko panafaa kiti chenye gurudumu kubwa la mbele, kile cha miguu mitatu. Na ulizia tairi: zikiwa za kipimo cha baiskeli za kawaida, fundi baiskeli wa hapo kijiweni atakutengenezea. Zikiwa za kipimo cha ajabu, pancha ya kwanza itakuwa ndio mwisho wa safari. Aliye karibu na bahari akumbuke pia kwamba chumvi inakula vyuma, hivyo kiti kifutwe kwa maji baridi na kutiwa oili kila mara.

Hatua za maombi

Ukishakuwa na ripoti ya hospitali na vipimo, nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa au kijiji uchukue barua ya utambulisho, ipite kwa mtendaji wa kata, iende kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri. Huyu afisa ndiye mlango mkuu. Hata mashirika mengi ya binafsi yakitaka kutoa viti huja kwake kuuliza orodha. Jina lisilokuwemo kwenye orodha yake halionekani siku ya kugawa. Hakikisha umeandikishwa, na uulize juu ya kamati ya watu wenye ulemavu ya mtaa au kijiji chako, kwani kamati hizo zimetajwa na ile sheria ya 2010.

Jiunge pia na chama. Upo Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar (UWZ), kipo CHAWATA kwa bara, na juu yake liko shirikisho la vyama, SHIVYAWATA. Baadhi ya wafadhili hawampi mtu mmoja mmoja, wanapitishia kwenye vyama. Mwenye bima ya afya naye aulize kwanza kama chombo chake kimo katika kitita chake, kabla hajabisha hodi kwa watu.

Kisha chukua profoma, yaani karatasi ya bei isiyokuwa risiti, kutoka kwa muuzaji au karakana. Zikiwa mbili kutoka sehemu mbili ni bora zaidi, kwani mfadhili anapenda kujua kuwa hukumletea bei ya rafiki yako. Na hapa watu wengi wanajipunja: wanaandika bei ya kiti peke yake. Andika na mto, foronya mbili za mto, usafiri wa kiti mpaka nyumbani, tyubu na tairi za akiba, nauli ya mhusika na msindikizaji kwenda kupimwa na kufundishwa, na kiasi cha matengenezo ya mwaka wa kwanza. Kama mlango wa chooni ni mwembamba, andika na gharama ya kuupanua. Hiyo si tamaa. Mfadhili mwenye uzoefu akiona barua haina mambo haya anaelewa kuwa kiti chake kitakufa baada ya miezi sita.

Barua yenyewe

Nimesoma barua nyingi za namna hii, kwa sababu waombaji huja nazo kutaka mihuri. Nyingi zina kurasa mbili za dua na masikitiko, kisha mstari mmoja wa ombi. Geuza. Huruma ya mfadhili ipo tayari, ndio maana akafungua ofisi. Anachokosa ni habari. Ukurasa mmoja unatosha. Inaweza kuwa namna hii:

"YAH: MAOMBI YA KITI CHA MAGURUDUMU CHA MTOTO

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mama mzazi wa mtoto wa kike mwenye umri wa miaka tisa, mkazi wa kijiji na kata zilizotajwa hapo juu. Mtoto ana mtindio wa ubongo, hawezi kukaa bila ya kushikiliwa, ila anasikia na kuelewa yote anayoambiwa. Ripoti ya hospitali na vipimo vya mwili vimeambatanishwa.

Shule ya msingi iko mita mia nane kutoka nyumbani na mwalimu mkuu amekubali kumpokea; barua yake imeambatanishwa. Mpaka sasa nambeba mgongoni na uzito wake umenishinda, hivyo amekaa nyumbani tangu mwaka jana.

Ninaomba kiti cha mtoto chenye kushikilia kichwa na kiwiliwili, chenye tairi za njia ya mchanga, pamoja na mto. Gharama yote ni kama inavyoonekana kwenye profoma. Familia imechangia sehemu ya fedha na msikiti wetu umeahidi nauli ya kwenda kupimwa. Kilichobaki ndicho tunachokiomba kwenu.

Kiti kitatunzwa na mimi mwenyewe, na fundi baiskeli wa kijijini amekubali kukitengeneza. Mtoto atapelekwa hospitali kila baada ya miezi sita kuangaliwa kama bado kinamtosha."

Angalia barua hiyo imefanya nini. Imesema kiti kitamfikisha mtoto wapi: shuleni, na shule ipo na mwalimu amekubali. Imeonesha kuwa familia haikukaa mikono mitupu. Imesema nani atakitunza. Na ile miezi sita ni ya kitabibu kweli, kwa sababu mtoto anakua na kiti cha mwaka jana kinaweza kuanza kumuumiza mwaka huu. Andika ukweli mtupu. Usiseme mtoto ni yatima naye baba yake yuko hai, hata kama umeambiwa kuwa yatima ndio wanaopewa. Mfadhili akija kukutembelea akaligundua hilo, wewe na walio nyuma yako mtafungiwa mlango, na kabla ya mfadhili yuko Mwenyezi Mungu anayejua.

Picha ya mhusika ikihitajika, awe amevaa stara yake. Sioni sababu ya kumpiga picha mtu mzima akiwa nusu uchi ili kidonda kionekane. Ripoti ya hospitali inatosha kueleza kidonda.

Zaka, sadaka na wakfu

Msikitini kwetu pia kuna hazina, ila inahitaji elimu. Aya ya 60 ya Suratut-Tawba imetaja makundi manane ya wanaostahiki zaka, na ulemavu peke yake haumo. Mwenye ulemavu anastahiki akiwa fakiri au masikini, na wengi wao wako humo. Mlemavu tajiri hana fungu hilo.

Wanazuoni wa madhehebu ya Imam Shafi'i wanasisitiza kuwa anayestahiki amilikishwe zaka yake, iwe mali yake kikweli. Kwa hiyo msikiti ukinunua viti vitano kwa fedha za zaka ukaviweka stoo vikiazimwa na kurudishwa, hapo pana tatizo. Njia iliyo salama ni kumpa mhusika fedha yake, naye kwa hiari yake awawakilishe watu wa kamati wakamnunulie. Viti vya kuazimwa vinunuliwe kwa sadaka au viwekwe wakfu, na hilo ni jambo zuri mno: magongo na kiti kimoja cha wakfu msikitini vinaweza kuwahudumia wagonjwa wa mtaa mzima, aliyevunjika mguu leo na mwingine mwakani.

Tena Imam Nawawi katika Al-Majmu'u ameeleza kuwa fakiri mwenye ufundi hupewa cha kumwezesha kununua vifaa vya kazi yake. Hii ni hoja nzito kwa fundi cherehani aliyepooza miguu, au kijana anayeweza kuendesha bajaji ya mikono, ambaye akipata chombo leo mwakani huenda akawa ni mtoaji. Imamu na kamati wazungumze na mashekhe wao juu ya hili kabla ya Ramadhani haijaingia, si usiku wa kuamkia Idi.

Bajaji, mkopo wa halmashauri na gari

Kwa anayetaka chombo cha biashara uko mlango mwingine, ila sio msaada, ni mkopo. Tangu marekebisho ya Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 2018, kila halmashauri ya Tanzania bara inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo: asilimia 4 wanawake, asilimia 4 vijana na asilimia 2 watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, ikarudishwa mwaka 2024. Muislamu anafurahi kusikia kuwa kwa mujibu wa sheria haina riba. Nimeshangaa mara nyingi kuona ndugu zetu wakikimbilia mikopo ya riba ya mitaani huku hii ya halali haiombwi. Masharti ya kikundi na idadi ya wanakikundi yamekuwa yakibadilika, hivyo muone Afisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri yako akupe yaliyopo sasa. Lakini elewa vizuri: deni ni deni. Kiti cha mtoto kisiombewe mkopo huu, kwani hakizalishi cha kurejesha. Bajaji inazalisha.

Aliyejaaliwa kununua gari kutoka nje aijue pia Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Jedwali lake la tano linasamehe ushuru wa forodha kwa vyombo vilivyotengenezwa mahsusi kwa watu wenye ulemavu, likiwemo gari moja. Neno la kuzingatia ni "mahsusi". Gari la kawaida lililosajiliwa kwa jina la babu kiwete ili wajukuu waendeshe halimo, na huo ni udanganyifu. Maombi yapelekwe TRA kwa maandishi, na ni vyema kabla ya kununua, si gari likiwa limeshafika bandarini na gharama za kuhifadhi zinapanda kila siku. Kodi nyinginezo zina sheria zake, uliza kila moja peke yake. Na ukiliuza kwa asiyestahiki msamaha, ushuru unadaiwa. Kwa upande wetu wa tiba, mwenye kifafa asikabidhiwe usukani, hata wa bajaji, mpaka daktari wake aridhike.

Usafi na tahara juu ya kiti

Ile foronya ya pili niliyoitaja kwenye bajeti ina kazi yake. Mwenye kupooza mara nyingi mkojo unamtoka bila hiari. Mkojo ukikaa kwenye mto unalainisha ngozi, na ngozi laini ndiyo inayochanika. Mto uvalishwe nailoni chini ya foronya ya pamba, na si nailoni juu, kwa sababu nailoni inaleta jasho. Foronya moja ikifuliwa nyingine iwe kwenye mto. Kwa sala, mwenye kutokwa na mkojo mfululizo hujisafisha, akajifunga, akatawadha baada ya wakati kuingia kwa kila faradhi, akasali bila kuchelewa, na kinachotoka baada ya hapo amesamehewa. Asiache sala kwa kudhani kuwa hana tahara.

Chooni, omba au tengeneza kiti cha kuwekwa juu ya tundu. Kiti cha plastiki cha kawaida kilicho imara, kikitobolewa katikati na kingo zake zikasuguliwa zisichane, kinamtosha mtu mwepesi, na maji ya kustanji yakae upande wa mkono unaofanya kazi. Kitu hiki ni rahisi kuliko vyote katika orodha, lakini barua nyingi hazikitaji, na matokeo yake mtu mzima anajizuia asile wala kunywa ili asiwasumbue watu kumpeleka chooni. Hapo anapata mkojo mchafu na choo kigumu.

Na magurudumu msikitini? Nimesikia mahali mtu amezuiliwa mlangoni kwa sababu ya matairi. Najisi kavu haihamii kwenye kitu kikavu. Liwekwe beseni la maji na tambara mlangoni, magurudumu yafutwe, yakaushwe, na mtu aingie katika safu na wenzake. Pakiwa na ngazi, fundi mmoja na mifuko michache ya saruji wanamaliza kazi hiyo kwa siku moja.

Baada ya kupeleka maombi

Baki na nakala ya kila karatasi, na siku ya kupeleka ombi ipigwe muhuri nakala yako. Rudi kuuliza baada ya mwezi, kwa upole. Ukikataliwa, uliza sababu, kwa maana mara nyingi ni karatasi moja iliyopungua. Anayekupigia simu akikuambia kuwa jina lako limepita, utume kwanza pesa ya fomu au ya kutoa mzigo bandarini, usitume. Nenda kwa Afisa Ustawi ukaulize kama anamjua.

Siku kiti kitakapofika, usisaini kupokea kabla mhusika hajakalia. Mkalishe hapo hapo, pitisha kiganja pembeni mwa nyonga, tazama miguu kama imekanyaga, jaribu breki zote mbili. Kikiwa hakimfai, sema kwa adabu mbele ya waliokileta, hata kama wapiga picha wameshajipanga. Na kile mtoto alichokua akakiacha kisitupwe nyuma ya nyumba kikaota kutu: mrudishie Afisa Ustawi au mpeleke fundi akikarabati, kwani kwenye orodha ile yupo mwingine wa kimo hicho anayesubiri.